Shikamoo ya Siku Moja Kabla

Jumapili, Februari. Asubuhi mawingu, mlima haukuonekana hata kidogo. Manyunyu kabla ya kuanza, halafu yakakata. Naanza na hali ya hewa kwa sababu huenda ni hayo mawingu yaliyokimbia, si mimi.

Nusu marathoni yetu inatoka Moshi mjini, inapanda barabara ya Uru, inageuzia juu kwenye migomba, inashuka. Mimi nimeolewa Uru, ingawa tunaishi mjini, na hapo ndipo penye tatizo. Wazee wakitoka misa ya kwanza husimama barabarani kutazama watu wanaokimbia bila kufukuzwa, na mke wa watu hawezi kuwapita wazee wa mume wake kama anapita nguzo za umeme. Unasimama, unashika mkono, shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, yule ng'ombe alizaa? Na wa pili yuko hapo mbele, amekuona ukimsalimia wa kwanza. Kila mwaka namaliza saa mbili zikiwa zimenipita kidogo, na kila mwaka nawalaumu wazee.

Mwaka huu nilisema mbele ya mume wangu na dada yake: nisipomaliza chini ya saa mbili, naacha mbio, viatu namwachia wifi. Mguu wetu ni saizi moja. Wifi ni mtu mzuri, sitaki kumsema vibaya, lakini Ijumaa nilimkuta amevivaa anafagia uani.

"Navilainisha tu," alisema.

Kwa hiyo jana nilipanda Uru nikapita nyumba kwa nyumba kutoa shikamoo za leo. Niliwaeleza: kesho nitapita mbio, msinihesabie. Wengi walikubali. Mzee mmoja aliuliza kama na ile ya Pasaka naweza kuitoa kabisa tumalize. Mama mkwe peke yake alikataa. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa.

"Unajuaje kama kesho nitaamka? Njoo unisalimie nikiwepo."

Mimi nimeishia darasa la saba, na hilo hatukufundishwa.

Leo wazee walitimiza ahadi. Waliitimiza mno. Walinipa mgongo safu nzima nisije nikajisikia vibaya, na mmoja aliinama kufunga kamba za viatu akiwa amevaa ndala. Nikapita. Sijawahi kupanda ile barabara kwa kasi hiyo, na kabla ya pale pa kugeuzia nikajua kwa nini sijawahi. Kifua kiliwaka, miguu ikawa ya mtu mwingine, tena mgonjwa. Kumbe miaka yote nilikuwa napumzika kila baada ya nyumba chache, nikidhani nacheleweshwa.

Mama mkwe alikuwa katikati ya barabara na kitenge chake cha kanisani, mkono ameshaunyoosha. Ningeweza kumzunguka. Naandika hivyo kwa sababu niliwaza. Nafasi niliiona, upande wa mfereji. Nikawaza pia viatu vyangu vikifagia uani. Nikasimama, nikapiga goti, nusu kwa adabu, nusu kwa sababu goti lilikuwa linakwenda chini lenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nakimbia, mama."

"Naona. Mume wako amekula?"

"Amelala."

"Hm." Hakuniachia mkono. "Vuta pumzi kwanza. Watu watasema nimekufanya nini."

Akauliza habari za kuku, za bomba letu, za jirani aliyevunjika mguu. Vijana walinipita, na mama mmoja mnene kuliko mimi. Aliponiachia, kifua kilikuwa kimetulia. Nikaenda nikageuza, na kurudi hakunisimamisha, alikuwa ameshanipata. Nilishuka mpaka mjini bila kusimama, na saa ya pale mwisho ilikuwa haijafika mbili. Ilibaki kidogo sana, lakini ilibaki.

Sasa kwa haki sijui nimsifu nani. Mawingu yalisaidia, na mteremko ulisaidia. Nikisema ni mama mkwe, nitakuwa namsaidia kueneza habari ambayo ameshaanza kuieneza mwenyewe. Mume wangu alipompigia simu, alijibu, "Ndiyo, tumemaliza vizuri." Kisha akasema ameshaongea na wazee: mwakani watasimama wote kama zamani, kila mmoja anisaidie kidogo. Nimejaribu kuwahesabu wale wazee mmoja mmoja, nikaacha.

Wifi alinipongeza kwa moyo wake wote, kisha akauliza mwakani mbio zitakuwa lini. Viatu nimevisukuma chini ya kitanda, upande wangu.

Saa kumi na mbili jioni bodaboda alileta sufuria kutoka Uru, imefungwa kwa kitenge kilekile cha kanisani. Tulikula mtori wa ndizi na parachichi. Mume wangu na wifi waliongeza. Mimi nilikula nimesimama, magoti yalikataa kukaa.