Kompyuta Iliyozimika Mechi Ikipamba Moto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyopewa diploma, na ile ya diploma naikumbuka mpaka rangi ya soksi nilizovaa.

Leo unaniona nina maduka mawili ya kompyuta, moja Mwanjelwa hapa Mbeya na jingine Miyomboni kule Iringa. Mashine ikishindikana Makambako, inapandishwa basi kuletwa kwangu. Nikijivuna unisamehe, lakini mimi sikurithi hata bisibisi. Nilivuka Tunduma kwenda Sauzi na begi moja. Mchana niliosha magari, jioni nikasoma, na baada ya miaka mitatu nikarudi na karatasi yenye muhuri. Wenzangu wengi walirudi na viatu.

Nilipofungua duka la Miyomboni nilikuwa na miaka thelathini na moja. Diploma niliitia kwenye fremu nikaitundika mahali ambapo mteja hawezi kukaa asiione. Na kweli waliiona. Shida, mwanangu, ni kwamba na mimi niliitazama mno.

Ndipo akaja Neema. Alikuwa binti aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, anaishi na bibi yake Ipogolo, chini ya mlima. Kaka yake alikuwa amemtumia kutoka Dar kompyuta ya gemu, ile kubwa yenye feni tatu na taa za rangi. Neema alichezea mpira humo, mtandaoni, katika timu ya vijana sita wa Iringa waliopambana na wa Mbeya na Njombe. Msichana alikuwa yeye peke yake. Sasa mashine ilikuwa imemzimikia katikati ya mechi mara mbili, na kapteni alikwisha kumwambia kwamba ikizimika tena kwenye mechi, nafasi yake atapewa mwingine.

"Inazimaje?" nikamuuliza.

"Inazima tu, kaka. Mechi ikipamba moto, inakata. Ukitaka kuiwasha hapo hapo inagoma, mpaka ipumzike."

Yapime tena maneno hayo, mwanangu. Ugonjwa wote ulikuwa mle. Mimi niliyasikia kama maneno ya mchezaji anayependa kusimulia, nikamkatiza nikamwambia nitaifuata mashine kwao.

Nikapiga windo upya, yaani nikafuta kila kitu na kuanza moja. Nikaweka gemu, nikaicheza mchana kutwa, haikuzima. Nikairudisha kwao kwa pikipiki. Siku ya pili ikamzimikia mazoezini. Nikaifuata tena, nikabadilisha RAM, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikapaka prosesa grisi mpya. Dukani ikakesha ikiwaka, safi kabisa. Nyumbani kwao ikazima. Safari ya tatu nikaulaumu umeme wa Ipogolo, nikabadilisha pawasapulai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine, na kuwapa stabilaiza. Ikazima na stabilaiza yake.

Kila nilipokwenda kuichukua nilisimama mlangoni, pikipiki inaunguruma. Neema aliileta hadi kizingitini, na nyuma yake nilisikia sauti ya Bibi Kalinga, mama mtu mzima wa Kihehe: "Kamwene, fundi. Karibu ndani." Nami nikajibu, "Nitakaa siku nyingine, Bibi, kazi nyingi." Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini mimi niliamini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na diploma.

Mechi yao iliyofuata, dhidi ya Mbeya, ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alhamisi Neema akanipigia simu. Hakulia wala hakulaumu. "Kaka, usijisumbue tena. Kesho nitamwambia kapteni atafute mtu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nikashuka Ipogolo mbio. Mlangoni nikamkuta Bibi mwenyewe amejaa, mikono kiunoni.

"Leo huichukui," akasema. "Utaingia, utakaa, utakula."

"Bibi, kuna wateja wananisubiri dukani."

"Wasubiri. Huko Sauzi hawakai chini? Au hiyo shule ulisomea umesimama?"

Nikamsikia Neema akicheka ndani. Nikazima pikipiki, nikaingia.

Bibi akaniwekea viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Nikatazama sebule. Unajua nyumba za mama zetu. Viti vimevaa vitambaa vya kufuma, redio imevaa chake, kabati la vyombo limevaa, hata jagi la maji lina kofia. Na pale mezani, Neema akiwa amerudi kitini kufanya mazoezi na wenzake mtandaoni, kompyuta nayo ilikuwa imevaa. Kitambaa cheupe, kizito, chenye maua ya waridi pembeni, kimetandazwa juu na kuning'inia pande zote mbili.

Juu, mwanangu, ndiko kulikokuwa na matundu ya kutolea joto.

Nikanyoosha mkono nikagusa. Ilikuwa kama kikaango cha chapati. Kabla sijafungua mdomo, kioo kikawa cheusi. Neema akaegemea kiti, akafumba macho. Ndipo nikaelewa kwa nini dukani haikuzima hata mara moja. Kila nilipokuja, Neema aliivua kitambaa kwanza ndipo akaniletea mlangoni. Mimi nilikuwa nikipewa mgonjwa ambaye tayari amepona.

Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi, na nakueleza bila kujificha. Nilicheka. Nikapiga paja nikasema, "Kumbe ni wewe, Bibi. Kitambaa chako ndicho kinachomharibia mtoto mechi."

Neema akatazama chini. Bibi akaweka birika taratibu.

"Nilikifuma wiki mbili," akasema. "Nilidhani naitunza, vumbi lisiingie. Mimi sikusoma. Wewe uliyesoma umeichukua mlangoni kwangu mara tatu. Uliuliza inakaa wapi? Uliuliza inavaa nini? Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, mjukuu wangu. Daktari asiyemuuliza mama mtu, hata akiwa na karatasi ukutani, anabahatisha."

Nikaweka kiazi chini. Nikasimama, nikamshika mikono yote miwili, nikamwomba radhi. Alikiondoa kitambaa, akakikunja kwa makini, akakipakata.

"Mtu halimi na koti," akasema mwisho. "Ikifanya kazi, ivuliwe. Ikilala, ivae."

Nimesoma vitabu vingi vya joto na feni, mwanangu. Hakuna kilichosema vizuri zaidi.

Jumamosi nilifunga duka, nikaenda kukaa kwenye kiti kilekile. Tuliisogeza meza mbali na ukuta ili hewa ipite. Vijana wa Mbeya walikuwa wakali. Mbili kwa mbili, zikabaki dakika chache, feni zinavuma, mimi natoka jasho kuliko mashine. Neema akafunga la tatu bila hata kupepesa. Kisha filimbi ikalia na kioo kikawa cheusi ghafla.

"Imezima?" Bibi akauliza, amekwisha kunyanyuka.

"Hapana, Bibi," Neema akasema, na sura yake sitaisahau. "Imeisha mechi. Tumeshinda."

Basi nawe umetoka chuoni na karatasi yako, na nakuheshimu kwa hiyo, maana najua ilivyo ngumu kuipata. Itundike, watu waione. Lakini ukiletewa mashine, msikilize mwenye mashine mpaka amalize, na maneno yake uyachukue kama alivyoyasema. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ikiwa kwako inapona na kwao inaugua, acha kubadilisha vipuri. Nenda kwao, uketi, uone inavyoishi. Na ukishaujua ugonjwa, usimcheke aliyeusababisha kwa mapenzi. Mimi mafundi wangu wote nawapima kwa hilo, na ndiyo maana jina langu limevuka Makambako.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe wateja wenye subira kuliko unayostahili, na kila utakachokifungua kikubali kufungika tena.