Oddbjørg Aenda Kuuliza Habari za Rada

Kwa miaka ishirini Hilmar, mfugaji wa kondoo huko kaskazini mwa Norwei, aliilaumu rada iliyo ng'ambo ya barabara yao. Kondoo akizaa mfu, ni rada. Goti likimuuma, ni rada. Siku kituo cha rada kilipowafungulia majirani milango, mkewe Oddbjørg alivaa koti la kanisani akaenda peke yake.

Mtafiti mmoja, Sindre, alimweleza kwamba ile sahani kubwa ya rada hurusha mawimbi angani, juu kuliko zinakofika ndege, kisha husikiliza kinachorudi.

"Na hurudi nini?"

"Kidogo sana, mama."

"Nimezoea. Goti la mume wangu lilianza kuuma Machi, mwaka juzi. Mlikuwa mnarusha?"

Sindre alifungua kompyuta akatafuta, bila kucheka. "Machi nzima rada ilikuwa mbovu. Tulikuwa tunangoja kipuri."

Oddbjørg alirudi akamsimulia mumewe mezani. Hilmar alimaliza kutafuna kiazi chake.

"Unaona, mke wangu? Hata ikiwa mbovu inauma."

Jumatatu Oddbjørg alirudi kituoni kuomba kazi ya usafi, akaipata. Anasema pale ukiuliza swali, mtu hutazama kwanza ndipo ajibu.