Kipa wa Picha Ndogo

Mama yangu hajui kusoma, lakini sura za watu hazimpiti. Ndiyo maana alipoambiwa nimetoka gazetini, alienda mwenyewe kibandani akanunua nakala mbili, moja ya kusomewa na moja ya kuringia.

Mimi naoka mikate. Alfajiri nakanda unga, saa nane natoka, saa kumi niko langoni. Uwanjani wananiita Komeo, maana nikifunga nimefunga. Jumapili ile tulicheza fainali ya kombe la wanawake, mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti, nikapangua tatu. Tatu, si moja! Ya mwisho niliifuata chini kulia, nikajigonga nguzo, paji la uso likavimba kama yai. Kombe likaja kwetu.

Sasa mama akafungua ukurasa wa michezo mbele ya majirani. Habari ilikuwa yangu, penalti zangu zote tatu zimo. Picha ilikuwa ya kipa wa akiba wa wapinzani wetu, binti wa watu ambaye siku nzima hakugusa mpira. Kaachia nywele, anatabasamu. Chini wameandika: "Warembo wanapolipamba dimba."

"Huyu si mwanangu," mama akasema.

Jirani wa mlango wa pili, ambaye ulimi wake haujui likizo, akaangua kicheko. "Si ulisema ni binti yako? Au siku hizi unajitungia?" Wote wakavunjika mbavu. Mama aliyefulia watu nguo miaka ishirini bila kuitwa mwongo akalikunja gazeti, akaingia ndani. Hakula siku hiyo. Mimi kudharauliwa nimezoea, lakini mama yangu aonekane mwongo kwa ajili yangu? Mori ukanipanda.

Kesho yake nikatoka kazini na unga wangu mwilini, moja kwa moja mpaka chumba cha habari. Mhariri wa michezo akanipokea kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi.

"Samahani dada, picha yako hatuna. Mpiga picha aliondoka kabla ya penalti."

"Aliondoka fainali haijaisha?"

Mpiga picha alikuwa pale pale, anafuta lenzi yake. Wala hakuona haya. "Mechi za wanawake tunapiga wakati wanapasha misuli. Nywele bado ziko sawa, jasho hakuna. Nikipata tatu nne nzuri, naondoka. Ndivyo tunavyofanya."

Ndivyo tunavyofanya! Za wanaume anaganda nyuma ya goli mpaka mvua inamlowesha chupi.

Mhariri akaja na dawa yake. Niende saluni wanipambe, nishike mpira, nitabasamu, anipe ukurasa mzima wa rangi. "Ukurasa mzima, dada! Nani anaupata?" Nisidanganye, tamaa ilinishika. Nikamfikiria mama na ukurasa mzima. Halafu nikajiuliza, huyo wa saluni mama atamjua?

"Sitaki," nikasema. "Jumamosi tuna mechi ya ligi. Huyu bwana akae nyuma ya goli langu mpaka filimbi ya mwisho. Picha itakayotoka, itoke hivyo hivyo."

"Basi itakuwa ndogo."

"Iwe ndogo kama kucha. Ila iwe mimi."

"Na tusipokuja?"

"Nitakuja mimi. Kesho, keshokutwa, mtondo. Nikitoka kazini hapa ni njiani. Nitakaa kwenye kiti hiki hiki na unga wangu."

Akakitazama kiti chake cheusi. Kilikuwa kimeshakuwa cheupe.

Jumamosi mpiga picha akaja shingo upande. Kipindi cha kwanza alipiga miayo tu. Dakika ya sabini beki wangu akateleza kwenye tope, mshambuliaji akabaki na mimi. Nikatoka, nikajitupa miguuni pake, nikaudaka, nikainuka namfokea yule beki maneno ambayo hapa siyarudii. Nyuma yangu nikasikia kamera inalia mfululizo. Nikageuka, bwana kapiga magoti topeni, kasahau hata suruali yake.

Picha ikatoka Jumatatu, ndogo kweli, imebanwa chini ya tangazo la matairi. Jina hawakuweka. Na nilitisha, jamani! Jicho moja limefumba, mdomo wazi mpaka koo linaonekana, uso mzima tope, ngumi hewani. Nikasita kumpelekea mama, nikaona nampa jirani la kucheka mwezi mzima.

Nikampelekea. Akalisogeza gazeti dirishani, akalitazama kwa muda. Akainuka, akatoka nalo, akagonga mlango wa pili kwa ngumi, na jirani alipofungua akamwekea gazeti mbele ya pua.

"Mwanangu huyu hapa. Mtazame vizuri. Hivi ndivyo alivyotoka tumboni mwangu, mchafu, ngumi amekunja, anapiga kelele. Haya, cheka."