Mwalimu Mbwana ni Mzima wa Afya

Usiku ule nililala na wino vidoleni. Mchana kutwa nilikuwa nimejibu barua kwa jina la Mwalimu Mbwana, na Mwalimu Mbwana alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Ofisi yetu ya uwakala ilipokea hadithi za waandishi na kuzituma kwa posta kwenye magazeti ya miji mbalimbali, sehemu moja kila wiki. Ya Mwalimu ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Alipofariki kabla haijaisha, bosi alinijia mezani. "Tatu, wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia taipu. Maneno yake unayo. Endelea tu, wasomaji watajuaje?" Nikaendelea, ole wangu. Na wasomaji walipomwandikia kumjulia hali, niliwajibu kama barua zote zinavyoanza: ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya. Chini nikatia saini yake, tena nikijisifu jinsi nilivyoipatia.

Basi ndotoni naingia ofisini, namkuta amekaa kwenye kiti changu. Kanzu yake ni ileile ya Ijumaa, miwani imefungwa uzi. Barua zimejaa mezani hadi darini, naye anazifungua haraka haraka, macho mekundu. Nataka kumwamkia, shikamoo hainitoki. Mara si ofisi tena, ni barazani kwake, na mjane wake anafagia bahasha, anafagia, haziishi.

"Mwalimu, pumzika," nasema.

"Nitapumzikaje, mwanangu? Kila ukiandika mimi mzima, naamshwa."

Ananisogezea kalamu. Naogopa kuishika. Nageuka nitafute mlango, kumbe niko posta, kwenye foleni ndefu, na kila mtu ameshika barua niliyomwandikia, ananiuliza Mwalimu hajambo? Nawapita, nawasukuma, foleni haina mwisho. Nyuma yangu naisikia sauti yake imechoka.

"Waambie, Tatu. Nataka kulala."

Nikaamka jasho linanitiririka. Nililia, sitaficha. Nilimpenda mzee yule, na nilikuwa nimemnyima hata usingizi.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya bosi, nikijua kwamba baada ya barua hii kazi sina. Nikaingiza karatasi kwenye taipu niwaandikie wahariri, nikianza na wa gazeti la kwanza. Vidole vikaenda vyenyewe: ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya. Nikasita hapo. Kisha nikaongeza: lakini Mwalimu Mbwana amefariki, miezi mitatu sasa, na sehemu zote zilizofuata niliziandika mimi.

Nilipofika pa kutia saini, mkono ukaanza kuchora jina lake. Nikaichana karatasi, nikapiga nyingine, nikaandika polepole: Tatu binti Omari. Ilitoka imepinda, saini ya mtu aliyekwisha kulisahau jina lake. Nikaifunga bahasha hivyo hivyo, nikashuka ngazi kwenda posta.