Okidi Katika Chumba cha Kushonea

Dada yangu mkubwa alitumia utu uzima wake wote kushona mashuka na mapazia ya hospitali, na huko kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Pindo. Jina hilo alilipata kwa ukaidi. Pazia la wodi likipindwa mara moja tu, alilifumua na kulipinda upya, hata kama muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akilisubiri. Mgonjwa aliyelala chali, alisema, hana kitu cha kutazama isipokuwa pazia, na pindo linalochomoka uzi humwambia kwamba hapa hakuna anayejali. Nalitaja hili mapema ili ieleweke ni mtu wa namna gani ambaye watoto wake walimwekea kikao, wakamjadili kama kabati kuukuu linalotafutiwa kona.

Kikao kilitokana na kuanguka. Aliteleza kwenye ngazi za jengo analoishi, zilizokuwa zimepigwa deki na kuachwa na maji, akavunjika kifundo cha mkono. Kijana akiteleza, watu hulaumu sakafu. Mama mtu mzima akiteleza, watu hulaumu umri. Mwanawe, ambaye ni mpimaji ardhi, alikwisha kupaka rangi chumba kimoja nyumbani kwake kabla hata mama hajatolewa plasta. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alimweleza mama uamuzi wa kumhamishia huko kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia watoto wavae viatu. Mimi, mama yao mdogo, niliitwa ili nitikise kichwa kukubali. Sikukitikisa.

Mama Pindo aliwasikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, kisha akauliza kosa lake ni lipi. Mwanawe akatazama dirishani, ambako vyungu vya maua vilikuwa vimesimama na vijiti vikavu, kwa kuwa mtu mwenye mkono mmoja hubeba kwanza maji ya kuoga.

“Mama, hata hayo maua yamekufa yote,” alisema, akitabasamu. “Weka kitu kimoja kiwe hai humu ndani mpaka nipate likizo, halafu ndiyo tuzungumze.”

Alicheka, na dada yake akacheka. Mama yao hakucheka.

“Umesema mbele ya mama yako mdogo,” alimwambia. “Mpaka likizo yako.”

Nilimshauri apande mshubiri, ambao hata ukiutukana unaota. Alinitazama kwa huruma. Akishinda kwa mshubiri, alisema, watauliza ameshinda nini. Yeye alitaka okidi. Aliwahi kuiona moja juu ya meza ya mapokezi, siku alipokwenda kutundika mapazia katika ofisi za wakubwa, na alikumbuka jinsi kila aliyepita pale alivyosema kwamba hilo si ua la mikono ya watu wa kawaida. Tulibishana njia nzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba okidi ni sawa, lakini iwe ile inayosamehe, maana yeye alikuwa mwanafunzi na mtihani ulikwisha kupangwa.

Muuza miche tuliyemwendea alikuwa mwanamke mcheshi aliyewaita wateja wote “mpenzi”, wenye pesa na wasio nazo. Alitupitisha chini ya wavu wake wa kivuli kama anayetambulisha wakwe. Hii yenye maua madogo ya njano, alisema, ina wivu. Ukiihamisha dirisha tu, inanuna. Hii inayoning'inia mizizi ikiwa uchi inataka kunyunyiziwa kila asubuhi, kwa hiyo ni ya mtu asiye na shughuli nyingine duniani. Hii yenye ua kama kiatu cha bibi arusi ni nzuri, ila usianze nayo. Kisha akatufikisha kwenye okidi zenye majani mapana, manene, na maua yaliyopangana juu ya kikonyo kilichopinda kama vipepeo waliotua kwenye waya.

“Ya kuanzia ni hii, mpenzi. Inakaa ndani, joto la sebuleni linaitosha, jua kali haitaki. Ukiisahau wiki nzima, inakusubiri. Inasamehe kila kitu isipokuwa kimoja: ukiinywesha kupita kiasi, haisamehe.”

Alitufundisha kwamba haikai kwenye udongo bali kwenye vipande vya magome ya mti, ili mizizi ipumue. Mizizi ikiwa ya kijani, maji bado yapo. Ikigeuka rangi ya fedha, ndipo unyweshe, uache maji yachuruzike yote, wala usiyamwage katikati ya majani, kwa sababu hapo ndipo kwenye moyo wake. Aliyasema yote hayo huku akimsogezea dada yangu mmea uliochanua kuliko yote pale.

Dada yangu hakuyatazama maua. Aliinua chungu cha plastiki, ambacho kilionyesha ndani, akakielekeza kwenye mwanga kama akaguavyo kitambaa kabla ya kukikata. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imelegea. Akakirudisha. Akachukua kingine, na kingine, akibonyeza majani kwa kidole gumba, mpaka akafikia mmea mdogo uliokuwa na maua machache tu yaliyofunguka na vitumba kadhaa vilivyofungika. Majani yake yalikuwa magumu, na mizizi ilikuwa minene, imekumbatia plastiki kutoka ndani.

“Lakini huo hauna maua, mpenzi,” muuzaji alilalamika. “Watu wananunua maua.”

Mama Pindo alimjibu kwamba nguo hukaguliwa upande wa ndani, akaukumbatia mmea wake tukaondoka.

Aliuweka katika chumba cha kushonea, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, nyuma ya pazia jepesi alilolishona kwa ajili hiyo, lenye pindo mbili bila shaka. Vitumba vilifunguka kimoja kimoja. Kila alipounywesha alifunga uzi mwekundu kwenye kijiti kilichoegemezwa kikonyo, ili asije akachanganya siku. Nilipokuwa nikimpigia simu, alinipa habari za okidi kwanza, za mkono wake baadaye.

Watoto nao wakaanza kuja. Waliokuwa wakifika kwa nadra sasa walifika wakitoka kazini, wakafika mwishoni mwa wiki, wakakaa katika chumba hicho cha kushonea, kwa kuwa ndimo mama yao alimokuwa. Wakiomba maji waliletewa maji. Walitazama ngazi, walitazama bafu, walitazama jiko, na walipoulizwa wanatafuta nini walisema wamekuja kusalimia tu. Mimi huita hilo ukaguzi.

Kisha jani la chini likageuka njano. Likalainika. Maua yakaanza kudondoka kabla ya wakati wake, na mizizi iliyokuwa ikikumbatia plastiki ikafanya weusi. Alasiri moja dada yangu alinipigia simu, akazungumza chini chini ingawa alikuwa peke yake.

“Nimekuta maji kwenye kisahani cha chini ya chungu,” alisema. “Na sikumbuki kumwagilia.”

Nilimuuliza uzi unasemaje. Uzi ulisema hakumwagilia. Lakini uzi, alinieleza, ni ushahidi wa mtu anayekumbuka kuufunga. Ikiwa amesahau maji, kwa nini asisahau na uzi? Halikuwa jambo la siku moja. Alikuwa ameyakuta maji pale mara kadhaa, akayamwaga, akanyamaza. Halafu akasema maneno ambayo sijawasamehe watu kwa kuyaweka kinywani mwake:

“Mdogo wangu, huenda wanasema kweli.”

Nilivaa viatu nikaenda. Nilimkuta amekwisha kufungua sanduku la nguo kitandani na kukunja baadhi yake, bila kelele, kama mtu anayejitayarisha kulazwa. Mwanamke huyu alikumbuka vipimo vya madirisha ya wodi ambazo zilibomolewa zamani, lakini kisahani cha maji kilikuwa kimemshinda. Hakuwa na hofu ya kuhamia kwa mwanawe. Mtoto wake anampenda, hilo sibishani nalo. Alichohofia ni kwamba atahama akiwa ameamini kuwa akili yake mwenyewe si ya kutegemewa tena, na mtu aliyekwisha kuamini hivyo huongozwa popote, kama mbuzi. Nikamwambia nitalala hapo mpaka nielewe.

Jumapili mchana watoto walikuja. Binti aliketi karibu na dirisha akiwa na glasi ya maji, akaeleza kuhusu rangi ya kuta za kile chumba, jinsi ilivyotulia, jinsi mama atakavyoipenda. Alikunywa hadi nusu. Akasimama ili aonyeshe kwa mkono mahali kitanda kitakapokaa, na mkono wa pili, bila yeye kuutazama, ukaimiminia okidi maji yaliyobaki. Akaendelea na habari za kitanda. Baada ya muda kaka yake aliingia akizungumza na simu, akanywa mafunda mawili ya haraka, akasogea dirishani ili asikie vizuri, na glasi yake ikainama pale pale.

Lazima nieleze, maana asiye wa nyumba yetu atadhani ni hila. Tulikulia mahali ambapo maji yalibebwa kichwani, na mama yetu hakumruhusu mtu kumwaga maji ya kunywa. Yanayobaki kwenye kikombe hupewa mmea ulio karibu. Dada yangu aliwalea wanawe hivyo hivyo, na asiyetii alipigwa kikofi cha mkono. Tabia ile imewakaa kwenye mifupa kiasi kwamba mikono yao huitenda bila kukiomba kichwa ruhusa. Wamekuwa watu wazima wenye mabomba jikoni, na bado hakuna hata mmoja wao awezaye kumwaga nusu glasi kwenye sinki.

Nilikuwa na hotuba. Mimi sipungukiwi na maneno, na yale niliyokwisha kuyapanga yangetosha kikao kizima. Lakini nilipomgeukia dada yangu niliona kwamba naye ameona, mara zote mbili, na kwamba uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeshushiwa gunia. Akamngoja mwanawe amalize simu.

“Umefanya nini sasa hivi?” alimuuliza.

“Nimefanya nini?”

“Hiyo glasi.”

Mpimaji ardhi aliitazama glasi kana kwamba kuna mtu aliyemshikisha. Akautazama mmea, kisahani kikiwa kimejaa hadi ukingoni. Alichelewa kuelewa, na alipoelewa alijitetea kama mtoto: wao si ndivyo walivyofundishwa, na aliyewafundisha si ni yeye?

“Niliwafundisha kwa mimea ya uani iliyokuwa na kiu,” alisema mama yake. “Huu hauna kiu. Siku zote hizi mimi nakaa hapa nikijiona nimeanza kuchanganyikiwa.”

Hakuipandisha sauti. Binti alianza kumbembeleza kwa sauti ya darasani, akakatika katikati ya neno, na alipoanza tena ilitoka sauti yake ya kawaida, ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Alisema hakujua. Nilimwambia hilo ndilo hasa ninalolilalamikia.

Dada yangu aliing'oa okidi siku hiyo hiyo. Alifuta mkasi wake wa nyuzi kwa spiriti, akakata kila mzizi uliooza mpaka akabakiwa na michache ya kutia aibu, akaikata na kikonyo pia, maana maua yalikuwa yamekwisha, na akaipanda upya katika magome makavu. Mimi niliihesabu kuwa maiti na sikumficha. Yeye alisema muuzaji aliapa kwamba inasamehe kila kitu ila maji mengi, basi tuone kama alikuwa anauza au anasema kweli.

Likizo ikafika, na mwanawe akaja. Mmea ulikuwa na majani mawili yaliyolegea kidogo na hauna ua hata moja. Binti akaharakisha kusema kwamba sasa haina haja tena, yale yalikuwa maneno ya utani. Hapo nilishindwa kujizuia. Nilisema kwamba ina haja sana. Kwamba hakuna mwanamume wa umri wa dada yangu ambaye angewekewa mtihani wa ua ili aruhusiwe kukaa katika nyumba aliyoilipia kwa jasho lake. Na kwamba utani unaomfanya mtu akunje nguo zake haustahili jina hilo. Nilikuwa bado naendelea pale dada yangu aliponigusa goti.

“Mwache apime,” alisema. “Ndiyo kazi yake.”

Mwanawe alipiga magoti sakafuni na kuinama mbele ya chungu. Chini ya jani, ubavuni, ulikuwa umetokeza mzizi mpya, mfupi, wenye ncha ya kijani inayong'aa. Aliposimama, magoti ya suruali yake yalikuwa yamejaa vipande vya nyuzi.

“Iko hai, mama,” alisema. Kisha akauliza, “Na kile chumba je? Nimeshakipaka rangi.”

Dada yangu alikuwa amekwisha kurudi kwenye cherehani. Alisema amesikia kwamba chumba ni kizuri, na mgeni akialikwa vizuri huja.

Kijana, kijana mwenye mvi mbili tatu, alijikuta amesimama wima mbele ya mama yake.

“Basi, mama, naomba uje ulale kwetu Jumamosi ijayo.”

“Nitaangalia nafasi yangu,” alisema Mama Pindo, akakanyaga pedeli ya cherehani.