Meno Sita ya Baba

Sheria iliyotutisha ilikuwa moja tu: kila mtahiniwa aje na mgonjwa wake. Vitu vingine vyote hospitali ya misheni ilitupatia. Tulipewa plasta, nta, unga wa rangi ya waridi wa kutengenezea fizi, na meno ya kiwandani yaliyopangwa kwenye ubao kama punje za mahindi. Kinywa hukupewa. Ilikupasa umtafute mtu mwenye pengo, umchukue chapa ya kinywa, umtengenezee meno na kumzoeza kuyavaa. Siku ya mtihani umkalishe mbele ya watahini kutoka Nairobi, ale biskuti na kuhesabu kwa sauti huku wakimtazama. Mgonjwa asipofika, umefeli, hata kama mikono yako ni ya dhahabu.

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru, na mimi nilikuwa msichana pekee katika darasa letu dogo la mafundi wa meno pale karibu na Migori. Wenzangu waliotoka mbali walihangaika. Mmoja wao alizunguka sokoni akichungulia vinywa vya watu waliokuwa wakicheka, mpaka mwenye duka moja akamfukuza akidhani ni mwizi au mchawi. Mimi nilikuwa nikimcheka. Kwetu, upande wa Karungu, mgonjwa hatafutwi. Kila mtu wa rika la baba yangu alikuwa na pengo la meno sita ya mbele, ya chini, safi kama mlango ulioachwa wazi.

Kwa asiyejua, niseme. Zamani kijana wa Kijaluo, mwanamume kwa mwanamke, alikuwa hajawa mtu mpaka meno hayo sita yatolewe. Alikuja fundi na chuma chake, ukalala chali, na ukilia aibu ni ya ukoo mzima. Kwa pengo hilo ulijulikana popote, hai au maiti. Wazee waliongeza sababu nyingine: ukishikwa na pepopunda, taya likifunga, utapitishiwa uji hapo. Sisi tuliosoma misheni hatukutolewa, na mdomo wangu umejaa meno hadi leo.

Daktari aliyetufundisha, mzungu mrefu mwenye mikono laini, alisema wagonjwa wa aina hiyo ni watu waliopoteza meno. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia hayakupotea, yalitolewa, na aliyetolewa hakulia. Akanitazama kwa upole, akaendelea kukoroga plasta.

Baba alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yeye naye ataulizwa maswali kwa Kiingereza. Nilipomwambia hapana, alicheka, akasema basi huo ni mtihani wa mteremko, kazi yake ni kufungua mdomo tu, na mdomo ameufungua maisha yake yote. Watu wa boma hawakucheka. Shangazi yangu alisema hajawahi kusikia binti anaingiza vidole kinywani mwa baba yake, tena mchana, tena kwa kusudi. Mama alijitia kazi jikoni asione.

Nilimkalisha kwenye kiti chake, mgongo ukutani, nikakoroga kwa maji unga wa mwani wa kuchukulia chapa mpaka ukawa laini, nikaujaza kwenye sinia dogo la chuma na kumbana nao. Akataka kutapika. Machozi yalimtoka. Nilimwambia apumue kwa pua na achezeshe vidole vya miguu, kama tulivyofundishwa kuwaambia wagonjwa, naye akavichezesha kwa bidii mpaka kiatu kikamtoka. Baadaye nilipomwaga plasta kwenye chapa ile na kungoja igande, nilimwekea mkononi aone inavyopata joto yenyewe. Alishangaa sana. Aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza jinsi plasta inavyokunywa maji na kutoa joto. Swali hilo lilikuwa miongoni mwa yale tuliyotarajia kuulizwa kwenye mtihani.

Tangu hapo akawa mwalimu wangu. Likizo ile yote nilimfuata akikamua ng'ombe, naye alinihoji. Kwa nini plasta hupata joto? Kwa nini meno yachemshwe polepole? Nami nikajibu kwamba ukiyachemsha kwa pupa, fizi ile ya bandia itajaa vipovu ndani na itavunjika mgonjwa akitafuna. Nikikosea alinyamaza tu, akaendelea kukamua, nikajua nirudie. Sijui alijuaje kwamba nimekosea. Nadhani alisikia sauti yangu ikiyumba.

Meno yalipokamilika tulikabiliwa na mambo mawili. La kwanza ni rangi. Unga tuliokuwa nao ulikuwa wa waridi tu, na fizi za baba zilikuwa nyeusi tii. Alipofungua mdomo ulionekana mstari wa waridi kati ya weusi. Alijitazama kwenye kioo, akasema uhuru umekuja lakini mkoloni amehamia kwenye fizi zake, na tukacheka mpaka mama akatoka jikoni.

La pili lilikuwa mbinja. Baba aliwaita ng'ombe kwa mbinja iliyopitia kwenye pengo lile, mlio mwembamba uliofika hadi ziwani. Akiwa na meno alipuliza, ikatoka hewa tupu. Ng'ombe waliendelea kula. Alisimama pale na fimbo yake kama mgeni, nami nikamwambia ayatoe, ni ya mtihani tu, si ya kuchungia. Hakuyatoa. Alisema daktari ameagiza yazoeleke, na kama ni kuwafuata ng'ombe kwa miguu, miguu anayo.

Mahali pamoja tu aliyatoa. Mama yake, nyanya yangu, alikuwa hai bado. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa mtoto wa jicho, akituona kwa vidole. Ukiingia kwake alikushika uso, akapitisha kidole kwenye paji la uso, pua, mdomo, ndipo akakuita jina. Yeye ndiye aliyempikia baba uji mwembamba na kumnywesha kupitia pengo lile wiki zote lilipokuwa likipona, na alikuwa akisimulia kisa hicho kwa fahari kuliko kisa cha kumzaa. Baba hakuwa na moyo wa kumwonyesha kwamba pengo limezibwa. Kabla ya kuinama mlangoni mwake aliyatoa meno, akayatia mfuko wa koti, na sote bomani tukajua kunyamaza. Kinywa ni jumba la maneno, lakini la kwetu tulilifunga.

Mtihani uliwekwa Homa Bay, kwa kuwa watahini walitaka hospitali kubwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazina adabu. Basi lilikwama kwenye tope njiani, wanaume wakaombwa washuke wasukume, na baba akashuka. Nilimwambia yeye ni mgonjwa wangu na hatakiwi kusukuma chochote. Akaniambia mgonjwa ana meno mapya, si miguu mipya. Alirudi amelowa hadi mfupani, akakaa na nguo zile mpaka tulipofika kwa ndugu yetu mjini.

Asubuhi alikuwa na kikohozi. Alisema ni vumbi. Vumbi, katika mvua ile. Nilimgusa shingo nikaikuta moto, nikamwambia twende kwanza kwa daktari wa wagonjwa wa kawaida. Akaniuliza, nikienda huko nani atakaa kwenye kiti chako? Alikuwa ameshavaa koti.

Alikaa. Alikula biskuti yao. Walipomwambia ahesabu, alihesabu kwa Kiswahili, na ndipo nikasikia sita na saba zikitoka kinywani mwake bila ule mluzi niliouzoea tangu utotoni. Iliniuma kidogo, sikujua kwa nini. Mtahini aliniuliza kwa nini plasta hupata joto. Nikajibu, na pembeni ya jicho nikamwona baba anaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Muda wote ule hakukohoa hata mara moja. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakajaa maji, nami nikadhani ni furaha.

Tulipotoka nje alishika ukuta, akakohoa mpaka akainama. Mate yalikuwa na rangi ya kutu. Walimlaza katika hospitali ile ile, wadi ya wanaume, na kusema ni homa ya mapafu. Walimpa sindano, walimfunika, walifanya walichoweza. Muuguzi alitaka kumtoa meno ili apumue vizuri, baba akaweka kiganja mdomoni. Nilimsihi mimi mwenyewe. Nilimwambia mtihani umekwisha, tafadhali baba, yatoe.

"Matokeo hayajatoka, nyathina," alisema. Nyathina, mtoto wangu. Alikuwa anahema. "Wakirudi kuyatazama wayakute mahali pake."

Nilimweleza kwamba hawarudi. Alifumba macho, na sikutaka kumchosha kwa ubishi. Siku mbili baadaye, asubuhi ya jua zuri, nilienda kumtafutia uji. Niliporudi walikuwa wamemfunika uso na kumfunga taya kwa bendeji, fundo juu ya kichwa. Niliketi chini na bakuli langu. Uji ulipoa nikiushika.

Yule daktari, mwalimu wetu, alikuja kesho yake kutoa pole, wakati tunampakia baba kwenye lori. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyenunua samaki mjini alikuwa ametupa lori lake na dereva, akatandika majani mabichi kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu alisimama akichezea kofia. Kisha akasema nimefaulu, tena vizuri, na watahini wameyasifu yale meno. Alisema ili kunifariji, najua. Nilitamani kumpiga. Nilipanda nyuma ya lori nikakaa karibu na kichwa cha baba, nikamwambia matokeo yametoka. Nilimwambia zaidi ya mara moja, kwa sauti, mpaka dereva akageuka.

Kuhusu meno sikufikiri kabisa. Mtu anaweza kujifunza kitu miaka, akakitia mikononi na kichwani, na siku anayokihitaji asikione hata kiko mbele ya pua yake.

Tulifika nyumbani mchana. Vilio vilitupokea tangu kwenye njia panda. Walimlaza katikati ya nyumba yake, juu ya ngozi, wanawake wakajaa, na watu wakafungua njia kwa sababu nyanya alikuwa analetwa. Alishikwa mkono na shangazi. Hakuwa akilia. Alipiga magoti na kuanza kazi yake aliyoijua, akapapasa paji la uso, akapapasa pua. Alikutana na bendeji, akalifungua fundo lake bila kuomba msaada. Kisha akaingiza kidole mdomoni mwa mwanawe.

Niliuona uso wake ukibadilika. Alipitisha kidole huku, akakirudisha. Akagusa jino moja moja.

"Huyu si wangu," alisema.

Alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imechangamka kama ya msichana. Wangu alitolewa, nilimnywesha uji kwa mkono huu. Huyu ana meno. Mmeniletea mtoto wa watu, mrudisheni kwa mama yake analia huko aliko, na wangu bado yuko Homa Bay, nendeni mkamlete. Alikuwa anatabasamu. Uso wake wote ule wa mikunjo, wenye macho meupe, ulikuwa umejaa tabasamu, na hakuna mtu mle ndani aliyeweza kuutazama.

Mama alijaribu. Alimwambia ni meno ya dukani, aliyatia mjukuu wako. Nyanya alimkatiza kwa mkono. Meno hayarudi kwa mtu mzima, alisema, msinifanye mjinga kwa kuwa sioni. Shangazi akanigeukia. Kisha mmoja mmoja wakanigeukia wote. Meno yale yalikuwa na waya mbili nyembamba zilizoshika meno yake ya pembeni, na kati ya watu wote waliokuwepo ni mimi niliyejua zinavyofunguka.

Nilipiga magoti upande wa pili. Kinywa kilikuwa kimekaza. Nilitia kidole gumba chini ya waya ya kushoto, kisha ya kulia, kama nilivyomfundisha yeye kufanya mbele ya kioo, nikainua. Yalitoka kwa mlio mdogo. Niliyafumbata, ile fizi ya waridi ikiwa baridi kiganjani mwangu. Halafu nikachukua mkono wa nyanya yangu, nikakirudisha kidole chake pale pale.

Kilikaa ndani ya pengo muda mrefu. Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Ni yeye," alisema.

Wanawake wakapaza vilio upya, wanaume nje wakaitikia, na katika kelele ile yote nyanya alinivuta kwa shingo mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake. Nilidhani atanilaani. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira.

"Ungeyaacha kidogo, mjukuu wangu," aliniambia. "Ungeyaacha kidogo tu."