Ngozi ya Kung'ata

Mashine ya mkonge ilimkata Saburi mkono wa kulia, lakini haikumkata maneno. "Meno ninayo," alisema alipotoka hospitali, akamwambia mkewe, Mboni, amfungie kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye kamba ya upinde. Mkono wa kushoto ukashika upinde, meno yakavuta ngozi. Akiachama tu, mshale huo. Watu wakacheka. Alipoangusha nguruwe pori wawili kwenye mihogo ya kijiji, wakanyamaza, wakampa ulinzi wa shamba.

Katika kijiji kile cha ujamaa karibu na Mlandizi, asiye na kazi alikula huku macho ya wenzake yakimhesabia matonge. Saburi aliliogopa hilo kuliko nguruwe.

Basi siku moja ngozi ya mbuzi ikakatika, nguruwe wakajilia mihogo watakavyo. Mwenyekiti Mwinyijuma akasema, "Ijumaa baada ya sala utalenga gunia mbele ya watu. Ukikosa, ndugu yangu, ulinzi tutampa kijana Twalibu."

Alhamisi jioni jirani yake Fabian, mtu wa bara, akamletea ngozi nyingine, nyembamba, imelainishwa kwa mafuta. Saburi akajaribu. Mshale ukazama kwenye mgomba. Fabian akafurahi kama aliyelenga yeye, akaenda kulala, maana alfajiri alikuwa na safari ya kwenda mjini Kwa Mathias.

Asubuhi, Saburi akitawadha, maji yangali kinywani, wazo likamjia. Ngozi ya mnyama gani ile? Nguruwe anaowaua yeye, anayewabeba kwenda kuwala ni nani kama si Fabian? Na juzi uani kwake kulikuwa kumewambwa nini? Akasukutua, akasukutua tena, mpaka Mboni akashtuka.

"Baba Biasha, kinywa kimefanya nini?"

"Hamna kitu."

Akakimbilia kwa Fabian, akakuta mlango umefungwa. Kumuuliza mwingine hakuthubutu. Kijiji kizima kingesema Saburi kala nguruwe. Husemwa wasiwasi ndiyo akili, lakini wa Saburi uliila hiyo akili yenyewe. Akaivua ngozi, akaitia mfukoni, akamwomba Mboni afunge pindo la kanga mahali pake.

Baada ya sala watu wakajipanga.

"Haya, bismillahi," alisema Mwinyijuma.

Akang'ata, akavuta. Kanga ikateleza kwenye meno, mshale ukaanguka hatua chache tu mbele yake. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Twalibu akapewa ulinzi huku akitazama chini.

Ndipo Fabian akatokea barabarani, vumbi tupu, suruali kaifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

"Vipi, kaka? Usiniambie mkanda wangu umekatika! Ngozi ya ng'ombe ile, nilikukatia pale palipo pazima."

Saburi akaitazama ile kamba ya katani, mkono wake ukiwa mfukoni juu ya ngozi.

"Haukukatika," akasema.